Nani Ameshika Pesa? Historia Fupi ya Rifandi na Wateja Wajanja

Wacha niseme hii kitu wazi. Sisi Wakenya tunapenda sana kuanika wauzaji wa mtandaoni. Kila wiki lazima uone zile picha mbili zimewekwa pamoja: gauni msichana aliagiza, na gunia alitumiwa. Tunacheka, tunashea, tunaita marafiki wakuje wasome komenti. Na ni sawa, mwizi aanikwe. Lakini mnunuzi mwongo hana picha, kwa hivyo huyo hakuna mtu anamuanika.

Mimi nauza viatu vya mtumba mtandaoni, na hawa wateja nawajua. Kuna wa meseji feki ya M-Pesa, amejiandikia mwenyewe, hadi salio ameweka. Kuna anayelipa kweli, anapokea kiatu kutoka kwa mtu wa boda, halafu kabla pikipiki ifike rundabauti ashaanza kudai alituma pesa kwa namba isiyofaa, anataka irudishwe. Kuna wa kuvaa Jumamosi harusini, Jumatatu anakuandikia, "Boss, kumbe inanibana," na soli imeshaliwa na murram. Na kuna yule anarudisha kiatu, lakini si kile ulimtumia.

Nikaanza kujiuliza hii tabia ilitoka wapi, na kwa nini sheria nyingi za rifandi zinaonekana kumwamini mnunuzi kwanza. Nimesoma kiasi, na naona historia yote inazunguka swali moja: wakati mnazozana, pesa iko kwa nani? Mwenye kushika pesa ndiye ana kiburi. Asiye nayo ndiye analia. Kila mara dunia ikibadilisha mwenye kushika, mwizi naye anahama upande.

Tuanze mbali kabisa. Kwa jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna kipande cha udongo chenye umri wa karibu miaka 3,750. Kilitoka mji wa Ur, nchi ambayo leo ni Iraq. Ni barua ya malalamiko. Mteja anaitwa Nanni, muuzaji anaitwa Ea-nasir, na bidhaa ni shaba. Nanni anasema alishatoa pesa, akaletewa shaba mbovu, na watu aliowatuma kudai haki yake walirudishwa mikono mitupu kwa dharau. Anamalizia kwa kusema kuanzia sasa atakuwa anachagua shaba mwenyewe, moja moja, nyumbani kwake.

Mtandao umemfanya Ea-nasir kuwa mimu, lakini angalia hali yenyewe. Pesa ilikuwa kwa muuzaji tayari. Nanni alikuwa na udongo na hasira tu. Kwa karne nyingi biashara ilikaa hivyo, hadi Waingereza wakawa na msemo wa kisheria unaomwambia mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Ukiuziwa kitu kibovu, ungekikagua vizuri kabla ya kulipa.

Hiyo inafanya kazi kama mko sokoni na kitu kiko mbele yako. Pale Gikomba unashika kiatu, unakikunja, unanusa gundi, unalipa. Shida inaanza wakati muuzaji yuko mbali. Mwaka wa 1872, jamaa anaitwa Aaron Montgomery Ward alianza Chicago kuuzia wakulima bidhaa kwa posta. Alitoa orodha, wewe unachagua, kitu kinakuja na treni. Sasa mkulima aliye mbali, ambaye hajawahi kumuona Ward, atatuma pesa yake kwa imani gani? Mwaka wa 1875 Ward akatoa ahadi: usiporidhika, unarudishiwa pesa yako.

Leo tunaona hiyo ni kawaida, lakini wakati huo ilikuwa kitu kubwa. Ward hakuwa malaika. Alikuwa amepiga hesabu. Ukiuza kwa maelfu ya watu, wachache wakikudanganya, faida ya wale wengine inafunika hasara. Shika hiyo hesabu, kwa sababu tutairudia. Ahadi ya kurudisha pesa ilizaliwa na mtu mwenye stoo kubwa. Haikuzaliwa na mtu wa jozi kumi na mbili chini ya kitanda.

Halafu zikaja kadi za benki. Mwaka wa 1974 Marekani walipitisha sheria inayompa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga malipo. Ukiona kitu kwa bili yako hukielewi, au uliagiza na haikufika, unaandikia benki ndani ya siku 60, na hauwezi kulazimishwa kulipa hiyo sehemu wakati inachunguzwa. Sheria nzuri, na ilisaidia watu wengi walioibiwa. Lakini ona kilichobadilika. Sasa mnunuzi angeweza kuwa na bidhaa mkononi na bado pesa ianze safari ya kurudi. Wafanyabiashara wakapata aina mpya ya mwizi: mteja halisi, jina halisi, kadi yake mwenyewe, anayeambia benki "mimi sikupokea kitu." Huko wanauita ulaghai wa kirafiki. Sijui urafiki hapo uko wapi.

Mwaka wa 1995 Pierre Omidyar alianzisha mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay. Hapo wageni walikuwa wanauziana bila kujuana kabisa. Mwaka wa 1996 akaweka kitu rahisi sana: kila mtu amwekee mwenzake alama na maoni. Muuzaji anampima mnunuzi, mnunuzi anampima muuzaji. Jina lako likawa ndio dhamana yako. Kwa miaka kadhaa hiyo ilibeba soko lote.

Lakini wauzaji wengine wakaanza kuitumia kama rungu. Ukiniwekea alama mbaya, nami nakuwekea. Wanunuzi wakaogopa kusema ukweli. Kwa hivyo mwaka wa 2008 eBay wakaamua muuzaji hawezi tena kumwekea mnunuzi alama mbaya. Wauzaji walikasirika, Februari mwaka huo wengine wakagoma kuweka bidhaa kwa wiki nzima, lakini uamuzi ulibaki. Na mwizi akahama upande, vile nilisema. Sasa ni mnunuzi ndiye angeweza kusema, "Nipunguzie bei ama nikuharibie jina."

China walijaribu njia nyingine, na kwangu hii ndio ya maana zaidi. Taobao ilianza mwaka wa 2003, na shida ilikuwa ile ile ya Nanni: mnunuzi hataki kutuma pesa kwanza, muuzaji hataki kutuma bidhaa kwanza. Wakatengeneza Alipay. Mnunuzi analipa, lakini pesa inashikwa katikati. Muuzaji anaona imelipwa, anatuma mzigo. Mnunuzi akithibitisha amepokea, ndio pesa inaachiliwa. Hakuna mtu kati ya hao wawili ameshika pesa wakati wa mzozo. Fikiria vile hiyo ni akili.

Hata hapo hadithi haikuisha. Kampuni zilipoanza kushindana kwa wateja, zikazidisha huruma. Kuanzia 2021 mtandao wa Pinduoduo ulipanua kitu kilichoitwa rifandi tu: mteja analalamika, anarudishiwa pesa, na bidhaa anabaki nayo. Wateja wakajua mchezo. Wachina tayari walikuwa na msemo wa watu wa kuvuna vitu vya bure hivyo, wanasema ni kunyoa manyoya ya kondoo. Kondoo ni muuzaji mdogo. Julai 2024 mamia ya wauzaji waliandamana Guangzhou, kwa ofisi inayohusiana na Temu, mtandao wa kampuni hiyo hiyo, wakilalamikia faini na rifandi. Mwaka wa 2025 mitandao mikubwa ya China ikaanza kurudi nyuma kwa huo mpango.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuliruka hatua. Kenya wengi hawakupitia kadi za mkopo. Tulipata M-Pesa, Machi 2007, na M-Pesa iliundwa kutuma pesa, si kusuluhisha ugomvi wa viatu. Pesa inatoka kwako inaingia kwangu, mara moja. Njia ya kurudisha muamala, ile ya kutuma meseji kwa 456, ni ya mtu aliyekosea namba. Na inafaa iwepo, kwa sababu kila mtu ashawahi kuona mathe au guka ametuma karo kwa mtu asiyemjua. Lakini kitu kilichowekwa kuokoa mathe, mjanja anakitumia kupata kiatu cha bure. Pesa inaweza kuzuiliwa kwanza wakati madai yanaangaliwa, na wewe ndio unaanza kujieleza.

Njia yetu nyingine ni lipa ukipokea. Hapo mnunuzi ndiye ameshika pesa hadi dakika ya mwisho. Anaweza kuzima simu boda akiwa kwa geti, na wewe unalipa boda kwenda na kurudi.

Na sheria? Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaongelea hadi mikataba ya intaneti. Mimi sipingi hata moja. Ea-nasir bado wako wengi, na wale wa gunia ndio wamefanya tushukiwe sote. Kama umetuma kiatu chenye kasoro hukuisema, rudisha pesa, usijifiche nyuma ya "hakuna rifandi" uliyoandika kwa bayo. Hayo maneno hayafuti haki ya mtu.

Lakini maoni yangu ni haya: tumekopa ahadi ya Ward bila kukopa stoo yake. Tunamwambia msichana wa miaka 20 anayeuza tisheti kutoka bedsita Roysambu arudishe pesa kama kampuni ya maelfu ya wateja. Kwake mteja mmoja mwongo ni stoki ya wiki nzima. Na akishachomwa mara mbili, mwenye kuumia ni mteja mwaminifu anayekuja baada ya hapo, kwa sababu atashukiwa na kuulizwa maswali kama yuko kituo cha polisi. Mwizi anaiba imani ya watu ambao hata hajawahi kukutana nao.

Tunahitaji mtu wa katikati wa bei rahisi, anayeweza kushika shilingi 1,500 bila kukata nusu yake. Mpaka aje, sisi wadogo tujilinde kwa ushahidi. Mimi siangalii meseji ya mteja, naangalia salio langu. Napiga video nikipaki, kiatu na namba yake vikionekana, na ndani ya kila kiatu naweka alama ndogo ninayoijua mimi. Kasoro naitaja na kuipiga picha kabla ya pesa kuingia. Masharti ya kurudisha natuma kwa maandishi kabla ya malipo, na naomba mteja ajibu kwamba amesoma. Bidhaa inarudi kwanza, naikagua, ndio pesa inatoka, na inaenda kwa namba ile ile iliyolipa. Ukiambiwa "tuma kwa hii nyingine ya cuzo yangu," kataa kwa upole.

Nanni alikuwa na udongo peke yake, na bado ushahidi wake tunausoma leo. Wewe una simu yenye kamera. Kama unauza, niambie hapo chini: sheria yako ya rifandi umeiandika wapi, na mteja anaiona kabla alipe ama baada ya kugombana?