Nani Kasema? Darasa Lililoandika Wikipedia

Walimu wengi bado wanawaambia wanafunzi: usinukuu Wikipedia. Wanafunzi wanaisoma vilevile, ila hawasemi.

Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha British Columbia huko Vancouver, Kanada, mwalimu wa fasihi ya Amerika ya Kilatini, Jon Beasley-Murray, aligeuza mambo. Badala ya insha ambayo angeisoma yeye peke yake, aliwataka wanafunzi waandike makala za Wikipedia ya Kiingereza kuhusu waandishi na riwaya walizokuwa wakisoma. Makala ikifikia daraja la "makala nzuri", alama ni A. Ikiteuliwa kuwa miongoni mwa makala bora kabisa, A+. Na utamu uko hapa: madaraja hayo hayatolewi na mwalimu. Hutolewa na wahariri wa kujitolea, watu ambao hata hawamjui mwanafunzi.

Chukua *El Señor Presidente* (1946), riwaya ya Miguel Ángel Asturias wa Guatemala. Dikteta wake hatajwi jina. Andika kwenye insha kwamba ni Manuel Estrada Cabrera, aliyetawala nchi hiyo 1898 hadi 1920, na mwalimu atakubali kwa kichwa, anajua tayari. Andika hivyohivyo kwenye Wikipedia, mtu usiyemjua atakuuliza: nani kasema? Kitabu gani, ukurasa wa ngapi? Hapo utarudi maktaba, upende usipende.

Makala ya riwaya hiyo ilifika daraja la juu kabisa, pamoja na ile ya Mario Vargas Llosa na ya *The General in His Labyrinth* ya García Márquez.

Kwetu, mwishoni mwa 2009, Google iliandaa shindano la wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika Wikipedia ya Kiswahili, kwa zawadi. Makala ziliongezeka, sawa. Lakini mimi naona shindano hulipa maandishi, darasa la Vancouver lililipa kuulizwa. Na Wikipedia yetu ina wahariri wachache mno wa kuuliza, kwa hiyo wanafunzi wenyewe itabidi wabanane.

Kazi ipo. Kila msomaji wa Kezilahabi hurudia kwamba *Rosa Mistika* (1971) ilipigwa marufuku mashuleni. Nani aliipiga marufuku, lini, na imeandikwa wapi? Ningekuwa na darasa, ningewapa swali hilo moja kwa muhula mzima.