Cheti cha Mtoto Kilivyoingia Kwenye Simu

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika ni ya mwaka 1920. Karibu karne moja baadaye, utafiti wa afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamesajiliwa. Usajili ulikuwa na hatua mbili: tangazo la kizazi hospitalini, kisha safari ya wilayani kulipia cheti. Mzazi wa Mbozi au Kyela, wilaya za mkoa wa Mbeya wa wakati huo, alipima nauli, akaahirisha. Nani angemlaumu?

Mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ikisaidiwa na UNICEF na kampuni ya simu ya Tigo, ikaanzia Mbeya utaratibu mwingine. Ada iliondolewa, na kazi ikashushwa hadi zahanati na ofisi za watendaji wa kata. Mhudumu aliandika cheti kwa mkono, akamkabidhi mzazi papo hapo, kisha akatuma taarifa kwa simu ya kawaida hadi kwenye kanzidata ya RITA Dar es Salaam.

Ukubwa wa mabadiliko uko hapo: jalada lililokaa kabatini wilayani sasa lilisomeka makao makuu. Baada ya Mbeya utaratibu huo ulifika Mwanza, kisha Iringa na Njombe.

Utafiti wa 2015-16 ulikuta usajili umefika asilimia 26 kitaifa. Si haba, ingawa mikoa mingi ilikuwa bado haijafikiwa.