Deni la Msomi: Uzoefu Mseto wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu vya Umma Dar es Salaam, kutoka Mlimani hadi Temeke, 1961–2021

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu ya juu jijini Dar es Salaam husimuliwa mara nyingi kama historia ya neema iliyopotea. Katika masimulizi hayo, mwanafunzi wa zamani alilala bwenini Mlimani, akala bila kulipa, na jioni akasikiliza mihadhara ya Walter Rodney kuhusu ubeberu. Mwanafunzi wa leo hupanga chumba Changanyikeni au Mbagala, hugombea daladala alfajiri, na husubiri "bumu", yaani fedha ya mkopo ya kujikimu. Picha hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaficha jambo moja la msingi. Insha hii inadai kwamba, kwa kipindi chote kinachojadiliwa, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma amekuwa mdaiwa. Kilichobadilika ni aina ya deni, namna ya kulidai, na mahali ambapo mwanafunzi ameishi nalo. Tukiutazama uzoefu wa wanafunzi kwa jicho hilo, tutaelewa kwa nini vizazi vyote vimekisifu chuo na kukilalamikia kwa wakati mmoja.

2.0 Kilimani: Deni Lisiloandikwa, 1961–1974

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani, nje ya mji wa wakati huo, katika eneo ambalo baadaye lilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni hadi ilipoundwa Wilaya ya Ubungo. Umbali huo kutoka mjini ulikuwa na maana yake. Mwanafunzi aliishi katika majengo mapya, alipata chakula na malazi kwa gharama ya serikali, na alijua kwamba ajira ilikuwa ikimngoja, kwa kuwa nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa wasomi.

Hata hivyo, neema hiyo haikutolewa bure. Mwalimu Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, huyo ni msaliti. Deni hilo halikuwa na hati wala kiwango, na kwa sababu hiyo kila upande ulilipima kwa mizani yake. Serikali ilipoamua mwaka 1966 kwamba wahitimu walitumikie taifa kwa lazima, kwa miezi 5 kambini na miezi 18 kazini wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi waliona kwamba kiwango kimepangwa bila wao kushirikishwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu. Mojawapo ya mabango yao lilidai kwamba wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Nyerere alikasirika, akawafukuza wanafunzi 393, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Tukio hilo na Azimio la Arusha la Februari 1967 viliigawa jumuiya ya wanafunzi. Baadhi yao walilikubali deni, na hata kutaka liongezwe. Kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi, ambacho Yoweri Museveni alikuwa kiongozi wake wa kwanza, kilijadili ujamaa kwa ukali kuliko serikali yenyewe, na jarida la Cheche likachapisha uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu matabaka nchini. Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa rasmi kama chuo cha taifa. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, raia wa Kenya, alirudishwa kwao baada ya kupingana na utawala wa chuo. Kwa hiyo hata katika kipindi kinachoitwa cha dhahabu, aliyeandamana kuupinga mzigo wa deni na aliyetaka taifa lidai zaidi, wote wawili waliadhibiwa. Chakula kilikuwepo, lakini nafasi ya kushiriki kuamua masharti haikuwepo.

3.0 Kutoka Musoma hadi Kufungwa kwa Chuo, 1974–1990

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilibadilisha utaratibu wa kulipa. Badala ya kusoma kwanza na kutumikia baadaye, kijana alitakiwa afanye kazi kwanza, kisha apendekezwe kuingia chuoni. Faida yake ilikuwa ya kweli: madarasa yalipata watu wazima waliokijua kiwanda, shule na ofisi, na walioweza kumuuliza mhadhiri maswali yaliyotokana na kazi. Hasara nayo ilionekana mapema. Idadi ya wanawake ilipungua, kwa sababu miaka ya kungoja iliangukia umri wa kuolewa na kuzaa, na baada ya muda mfupi sharti hilo lililegezwa kwao.

Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na viongozi. Hoja ya mwaka 1966 ilikuwa imegeuzwa: aliyedaiwa sasa alimtaka mdai naye aonyeshe anachojinyima. Jibu likawa lilelile la kufukuzwa.

Uzoefu wa wanawake unahitaji kuzingatiwa peke yake. Kwa miaka mingi kikundi cha siri kilichojiita Mzee Punch kilibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wanawake. Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa kwa njia hiyo. Mwanamke huyo alikuwa na kitanda, chakula na nafasi darasani kama wenzake wa kiume, lakini hakuwa na usalama. Msimulizi wa neema ya Mlimani asipolitaja jambo hili huwa anasimulia neema ya wanaume. Miezi michache baadaye, Mei 1990, mgogoro mwingine kati ya wanafunzi na serikali ulisababisha chuo kufungwa na wanafunzi kurudishwa makwao.

4.0 Deni Linaandikwa, 1992–2021

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, sera ya kuchangia gharama iliondoa hatua kwa hatua wajibu wa serikali wa kumlipia kila mwanafunzi. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Tangu hapo deni limekuwa na namba, jina na kiwango cha fedha.

Mabadiliko hayo yana pande mbili. Bila mikopo, upanuzi wa udahili usingewafikia watoto wa wakulima na wa wafanyakazi wa kipato cha chini kwa kiasi kilichofikiwa. Lakini mkopo ulileta pia upangaji wa madaraja ya uhitaji, na wanafunzi wawili wa darasa moja wakaanza kuishi maisha tofauti: mmoja amepata asilimia kubwa, mwingine ndogo, wa tatu amekosa kabisa. Migomo ya miaka ya 2000 haikuhusu tena mwelekeo wa taifa kwa kiasi kikubwa. Ilihusu kuchelewa kwa fedha na viwango vya mkopo. Mwaka 2016 makato ya wahitimu yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Nusu karne ilikuwa imepita tangu maandamano ya 1966, na suala lilikuwa lilelile: sehemu gani ya mshahara wa msomi si yake. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, hatua iliyokiri kwamba deni lilikuwa likikua kuliko uwezo wa wengi kulilipa.

5.0 Chuo Kinashuka Mlimani: Kinondoni na Temeke

Upanuzi huo ulihamishia maisha ya mwanafunzi mitaani. Mabweni ya Mlimani hayakutosha. Hosteli ya Mabibo ilisaidia, na wengi walilala mzungu wa nne kwenye kitanda cha mtu mmoja. Wengine walipanga Sinza, Msewe, Makongo na Changanyikeni. Hosteli zilizofunguliwa Aprili 2017, zenye nafasi 3,840, zilipunguza tatizo bila kulimaliza.

Upande wa Temeke, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam kilianzishwa Chang'ombe mwaka 2005, katika majengo ya chuo cha ualimu, ili kukidhi haja ya walimu wa shule za sekondari zilizokuwa zikiongezeka haraka. Hapa hapakuwa na kilima cha kumtenga msomi. Chuo kimepakana na viwanja vya michezo, viwanda na makazi ya watu, na mwanafunzi aliyepanga Keko au Mtoni aliishi na mama lishe, fundi na mwendesha bodaboda katika ua mmoja. Alipoteza utulivu wa bweni, lakini hakuhitaji kuhimizwa aujue umma, kwani alichota maji pamoja nao.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao makuu Kinondoni na kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kilikwenda mbali zaidi. Mwanafunzi wake, mara nyingi mtumishi mwenye familia, hakuwahi kudai kitanda. Aliisomea shahada usiku baada ya kazi, na mara nyingi ada ilitoka katika mshahara wake.

6.0 Hitimisho

Waliosoma Mlimani kati ya 1967 na 1974 wameandika kumbukumbu, na baadhi yao wametawala nchi. Waliosoma wakiishi Mabibo, Keko na Mbagala bado hawajaandika vya kutosha, na waliokatishwa masomo kwa kukosa ada hawamo hata katika orodha za mahafali. Kwa hiyo tofauti tunayoiona kati ya zama za neema na zama za dhiki inatokana kwa sehemu na tofauti ya waliopata nafasi ya kusimulia. Historia kamili ya chuo kikuu cha umma itahitaji risiti za kodi za vyumba, barua za rufaa za mikopo na kumbukumbu za serikali za mitaa za Temeke na Kinondoni, sambamba na hotuba na majarida. Nyaraka hizo zinapotea kila mwaka wahitimu wanapohama vyumba, na watafiti wanaweza kuanza kuzikusanya sasa.