Kidau cha Optimist na Elimu ya Upepo

Kwa muda mrefu ufundi wa kusafiri kwa tanga ulipatikana hasa kwa njia mbili. Mwana wa baharia aliupata chomboni mwa baba yake. Mwana wa tajiri alinunuliwa chombo, akaandikishwa katika klabu. Mtoto asiyekuwa huyu wala yule alibaki pwani akitazama. Historia ya kidau kiitwacho Optimist ni historia ya jaribio la kumfungulia mlango mtoto huyo.

Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, Florida, nchini Marekani, watoto walishindana kwa vigari vya mbao visivyo na mashine, vilivyoachiwa mteremkoni, na wafanyabiashara wa mji wakavigharimia. Meja Clifford McKay aliona kwamba kigari cha namna hiyo chatumika mara moja kwa mwaka, hali bahari ipo siku zote. Akaishauri klabu ya hisani ya Optimist, ambayo ndiyo iliyokipa kidau jina lake, kwamba kitafutwe chombo cha tanga kisichozidi dola 50. Kazi hiyo akapewa Clark Mills, fundi wa mashua.

Bei ndiyo iliyoamua umbo. Plaiwudi iliuzwa kwa vipande vya futi 4 kwa 8, na Mills alitaka viwili vitoshe. Omo iliyochongoka isingepatikana katika urefu huo. Akaikata bapa, na kidau kikafanana na sanduku la mita 2.3. Tanga lina pembe nne, na pembe yake ya juu huinuliwa na ufito upitao mshazari. Hivyo mlingoti ukawa mfupi, mtoto akaweza kuubeba.

Faida ya udogo huo huonekana mwanafunzi aketipo ndani peke yake. Mkono mmoja hushika kana ya usukani, na wa pili hushika demani, yaani kamba iongozayo tanga. Akielekeza omo penye upepo, tanga lapigapiga na kidau chasimama. Akitaka kwenda utokako upepo, hana budi kubisha, mara upande huu, mara upande ule, na ubao ulioshushwa majini katikati ya kidau humzuia asisombwe. Akichelewa kuhama upande, kidau chalala, maji yaingia, naye huketi kuyakumba. Katika chombo kikubwa kosa la mwanafunzi hufichwa na uzito wa chombo na mikono ya wenzake. Hapa kosa na malipo yake huandamana.

Mwaka 1954 Axel Damgaard alikipeleka kidau hiki Denmark, kikaenea Ulaya. Mwaka 1965 kikaundiwa chama cha kimataifa. Leo watoto wa nchi zaidi ya 100 hujifunzia humo.

Walakini yafaa hesabu itimizwe. Mwaka 1947 Florida ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, na hata fukwe ziligawanywa. Mlango ule, basi, haukuwa wa watoto wote. Tena, mashindano yalipokua, faibaglasi ilichukua mahali pa plaiwudi, na bei ikaziacha mbali zile dola 50. Umbo lililozaliwa na uchache wa mali limebaki karibu vile vile, ila mali yenyewe imerudi kusimama mlangoni. Swali la McKay lingali halijajibiwa: mtoto asiye na kitu ataujulia wapi upepo?