Mohamed Amin

Mohamed Amin (29 Agosti 1943 – 23 Novemba 1996) alikuwa mpiga picha wa vita na matukio wa Kenya, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mo. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, kwa wazazi wenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam. Huko Amin alipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwishatumika, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni ya Camerapix.

Alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Baadaye alifungwa visiwani kwa wiki kadhaa. Mwaka 1969 alikuwapo Nairobi mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipouawa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilifanyika Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Akiwa na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, alirekodi maelfu ya watu waliokuwa wakifa njaa katika baridi ya alfajiri. Njaa yenyewe haikuwa siri, lakini dunia ilishtuka ilipoiona. Tamasha la muziki la Live Aid la 1985, la kuwachangia waathirika wa njaa hiyo, lilitokana na mshtuko huo.

Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Alirudi kazini na mkono wa bandia, jambo ambalo wengi wangelisita hata kulifikiria.

Alifariki ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro.