Abayudaya wa Mbale: Zaidi ya Karne Moja ya Sabato Chini ya Mlima Elgon

Jumatano ya tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walioungana nayo waliiteka Kampala, na utawala wa Idi Amin ukafikia mwisho. Hilo linajulikana kote Afrika Mashariki. Lisilojulikana sana ni kwamba jua lilipotua siku hiyohiyo, Pasaka ya Kiyahudi nayo ilianza, sikukuu ya kukumbuka jinsi Waisraeli walivyotoka utumwani mikononi mwa Farao. Kwenye vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda, kulikuwa na familia ambazo katika miaka ya Amin zilisali kwa siri, masinagogi yao yakiwa yamefungwa. Kwao kitabu cha Kutoka na kuanguka kwa Amin vilikutana jioni moja, na hivyo ndivyo wanavyowasimulia watoto wao hadi leo.

Watu hawa ndio Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Wanakadiriwa kuwa takriban elfu mbili, wakulima wengi wao, wanaoishi katika vijiji kadhaa kuzunguka Mbale na wengine mbali kidogo, kama Namutumba. Makao yao makuu yako kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji.

Kwanza niondoe kosa moja ambalo nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa harakati ya Kizayuni wazo la kuwahamishia Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi hapa Afrika Mashariki. Mpango huo uliitwa wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Tume ilitumwa kuikagua, na mwaka 1905 Wazayuni waliukataa mpango. Abayudaya hawahusiani nao kabisa. Hawakuletwa na meli wala na mpango wa serikali, na hawadai kuwa ukoo uliopotea wa Israeli. Ni Waganda, Wagwere, Wagisu na majirani zao, na dini yao ilianza kwa mtu mmoja aliyesoma Biblia akaamua kuifuata alivyoielewa.

Mtu huyo ni Semei Kakungulu. Alizaliwa Kooki yapata mwaka 1869, akawa mwindaji wa tembo, kisha jemadari upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda. Mwaka 1899 alikuwemo katika msafara uliowakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabarega wa Bunyoro kule Lango. Baada ya hapo aligeukia mashariki akiwa na askari wake, akajenga ngome moja baada ya nyingine hadi miguuni mwa Mlima Elgon, na nchi hiyo yote akaiweka chini ya bendera ya Uingereza. Alitarajia kutambuliwa kuwa mfalme wa Bukedi, kama nchi hiyo ilivyoitwa. Waingereza walipoona nguvu zake zimezidi, walimwondoa katika ngome yake ya Budaka na kumpa ardhi mahali ambapo aliuanzisha mji wa Mbale. Mwaka 1906 wakampeleka Busoga kuwa kiongozi wa baraza la machifu. Aliporudi Mbale mwaka 1913, alikuwa mtu aliyetumiwa na kuwekwa kando, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Hii si historia ya kupita tu. Wapo wanaoieleza imani ya Kakungulu kuwa ni hasira ya kisiasa iliyovaa kanzu ya dini. Hasira ilikuwepo, lakini mtu mwenye hasira na serikali alikuwa na njia nyingi rahisi zaidi kuliko kujitahiri akiwa na umri wa miaka hamsini. Kakungulu alikuwa msomaji. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, na toleo lake lililosambaa lilichapwa likiwa jembamba na nene ili lienee ndani ya mkebe wa biskuti, mchwa wasilifikie. Kitabu hicho cha mkebeni ndicho alichokaa nacho.

Alianza kwa kujiunga na Bamalaki, kanisa la Waganda lililokataa dawa za hospitali na chanjo kwa hoja kwamba mponyaji ni Mungu peke yake. Akaendelea kusoma, na katika Mwanzo sura ya 17 akakuta agano la tohara. Inasimuliwa kwamba alipowauliza wenzake kwa nini hawatahiriwi, walimjibu kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi. Naye akasema kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe, akajitenga na Bamalaki na kukaa Gangama, karibu na Mbale, pamoja na wafuasi wake.

Dini aliyoianzisha ilikuwa bado mchanganyiko. Walishika Sabato siku ya Jumamosi, lakini ubatizo waliendelea nao, na Agano Jipya hawakuliacha mara moja. Mwaka 1920 alifika Mbale Myahudi mgeni ambaye jumuiya inamkumbuka kwa jina la Yosef tu. Alikaa nao karibu miezi sita. Aliwafundisha kalenda ya Kiyahudi na sikukuu zake, baraka za chakula, uchinjaji na nyama zinazoruhusiwa. Mambo ya Kikristo yakaachwa. Kisha Yosef akaondoka, ila kalenda aliyoiacha ilibaki, na ndiyo iliyoiokoa jumuiya baadaye. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu kwa Kiganda, chenye sala na maelekezo ya namna Myahudi wa Uganda anavyopaswa kuishi. Alifungua pia chuo cha vijana ili wasome Torati na kwenda kuwafundisha wengine.

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928 na kuzikwa Gangama. Baada yake watu walipungua, na wengi walirudi makanisani. Waliobaki waliongozwa na wazee kama Samson Mugombe, wakitegemea Biblia, kitabu cha mwaka 1922 na kumbukumbu zao. Kwa miaka mingi hawakuwa na rabi, wala kitabu cha Torati kilichoandikwa kwa mkono kwenye ngozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, aliwatembelea, na kupitia maandishi yake ulimwengu ukapata habari zao.

Kisha akaja Amin. Mwaka 1972 alivunja uhusiano na Israel, na kuwa Myahudi kukawa hatari. Masinagogi yalifungwa, sala zikakatazwa, na wengi wakasilimu au wakaingia Ukristo ili wawe salama. Sithubutu kuwalaumu. Waliokaidi walisali nyumbani kwao, wakihesabu siku za mwezi ili wajue Sabato na sikukuu zinaangukia lini. Hesabu ya jumuiya inasema kwamba kati ya watu wapatao elfu tatu waliokuwepo kabla, walibaki kama mia tatu.

Waliolifufua jambo hili baada ya 1979 walikuwa vijana. Katika miaka ya 1980 kundi lao lilikaa pamoja Nabugoye kwa mtindo wa kibbutz, kijiji cha ujamaa cha Kiyahudi, wakilima, wakijifunza Kiebrania na kutunga nyimbo. Zaburi zilezile za Kiganda walizoachiwa na wazee walizitia sauti mpya kwa gitaa na ngoma. Santuri ya muziki wao iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003 iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Wawili kati ya vijana hao walikuwa ndugu, JJ Keki na Gershom Sizomu.

Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israel walifika na kuketi kama mahakama ya dini ili kuwaingiza rasmi Abayudaya mia kadhaa katika Uyahudi. Kila mtu alihojiwa, kisha akazama majini kulingana na sheria. Jambo hilo halikuwa rahisi kwa wazee. Mtu aliyezaliwa na kulelewa katika Sabato, ambaye baba yake alijificha kusali wakati wa Amin, anaambiwa leo ndipo anapokuwa Myahudi? Wengi walikubali ili watambulike na wenzao duniani. Wengine, hasa wa kijiji cha Putti, walitaka kufuata mkondo wa Kiothodoksi, na hadi sasa wana njia yao. Mgawanyiko huo upo, na si vizuri kuuficha kwa kuwasifu tu.

Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi katika Ziegler School of Rabbinic Studies, akahitimu mwaka 2008 na kurudi nyumbani. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Tuyatafakari hayo vizuri: wapigakura karibu wote wa jimbo hilo ni Wakristo na Waislamu. Mwaka huohuo sinagogi kubwa jipya lilifunguliwa Nabugoye.

Ukitaka kuielewa jumuiya hii, tazama wiki yake. Ijumaa ndiyo siku yenye pilika. Maji ya kutosha siku mbili huchotwa mapema na kuni huletwa, kwa kuwa tangu jua lizame hadi nyota zionekane Jumamosi hakuna kazi na hakuna kuwasha moto. Chakula cha Sabato hupikwa kikamalizika mchana. Kuku huchinjwa na mtu aliyefundishwa sheria, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo, kisha nyama hutiwa chumvi ili kuondoa damu yote. Jioni, kabla jua halijazama, mishumaa huwashwa na watu hupanda kilimani wakiwa wamevaa nguo safi, wanaume na kofia zao za kufuma zenye rangi nyingi, kofia ambazo akina mama wa jumuiya huzifuma na kuziuza hata ng'ambo. Ibada ya Ijumaa ni ya nyimbo. Jumamosi asubuhi fungu la Torati la wiki husomwa kwa Kiebrania na kuelezwa kwa Kiganda, na mazungumzo juu yake yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko usomaji. Jumamosi jioni Sabato huagwa kwa divai, manukato na mshumaa wa kusuka.

Mwaka nao una mpangilio wake. Kati ya Machi na Aprili ni Pasaka na mkate usiotiwa hamira. Wiki saba baadaye huja Shavuot, sikukuu ya kupewa Torati. Septemba au Oktoba huja mwaka mpya, kisha mfungo wa Siku ya Upatanisho wa takriban saa ishirini na tano, kisha Sukkot, sikukuu ya vibanda. Kwa mkulima wa Mbale sikukuu ya mavuno si jambo la kusoma vitabuni tu.

Sabato ina gharama. Shule zenye masomo na mitihani ya Jumamosi ziliwanyima watoto wa Abayudaya nafasi, na ndiyo sababu mojawapo ya jumuiya kujenga zake: shule ya msingi Hadassah na sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu. Wanafunzi wake ni wa dini zote. Mjini Mbale jumuiya imejenga pia kituo cha afya, nacho humtibu yeyote. Ukikumbuka kwamba waanzilishi waliikataa hospitali, utaona ni umbali gani umetembewa.

Na kahawa. JJ Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, karibu na majengo pacha yalipoangushwa. Alirudi nyumbani akiwa na wazo, akaenda nyumba kwa nyumba kwa majirani zake Wakristo na Waislamu. Mwaka 2004 wakaanzisha chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Kahawa yao ya arabika iliuzwa Marekani kwa bei ya haki, na uongozi wa chama ulichukuliwa na watu wa dini zote tatu. Mimi naliona jambo hili kuwa na uzito kuliko makongamano mengi ya maridhiano, kwa sababu hapa watu waligawana fedha na wakaaminiana katika mizani.

Lango ambalo bado halijafunguka vizuri ni la Israel yenyewe. Wakala wa Kiyahudi, chombo kinachoshughulikia Wayahudi wanaohamia Israel, uliitambua jumuiya mwaka 2016, lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo imewahi kukataa maombi ya Abayudaya waliotaka kuhamia. Kuwataka watu walioshika Sabato chini ya Amin wathibitishe kwamba ni Wayahudi ni kuwakosea.

Lakini sisi majirani nasi tuna deni. Waliokuwa watoto Amin alipoingia madarakani mwaka 1971 sasa wana zaidi ya miaka hamsini, na wazazi wao wengi wametangulia. Wanahistoria wa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam wafike Nabugoye, Putti na Namutumba na vinasa sauti vyao, wawaulize ni nani alihesabu siku, nani aliwaficha, jirani yupi Mwislamu au Mkristo alijua akanyamaza. Na kitabu cha Kakungulu cha mwaka 1922, kitabu cha dini kilichoandikwa na Mwafrika Mashariki kwa lugha yake mwenyewe, kitafsiriwe kwa Kiswahili ili tuweze kukisoma.