Yoyo hurudi au hurudishwa?

Fundi wa baiskeli hahitaji kuelezwa beringi ni nini, na hapo ndipo pa kuanzia tunapolipima neno “kurudi” katika mchezo wa yoyo. Yoyo ya mwanafunzi, yenye mwanya mwembamba kati ya pande zake mbili, hurudi: ukiivuta kidogo, uzi hushika katikati nayo hupanda mkononi. Ile ya mabingwa ina mwanya mpana na beringi inayoteleza. Ivute utakavyo, itazidi kuzunguka huko huko chini. Mchezaji hukunja kitanzi cha uzi, akakiingiza kwenye mwanya, uzi ukajibana, ndipo inapopanda. Hiyo hairudi, hurudishwa. Utasema watoto hawana habari na kauli za vitenzi, kwao “imerudi” yatosha. Kweli, lakini anayeambiwa “ivute irudi” atavuta mpaka achoke. “Irudishe” humpa kazi ya kufanya. Wapo watakaopendelea “kunasa”. Neno zuri, ila lataja kinachoupata uzi tu. Jina “yoyo” lenyewe, alilolivumisha Marekani Mfilipino Pedro Flores tangu 1928, tuliache lilivyo. Kuiita “pia” hakufai: pia ni kitu kingine, nayo ikishatupwa haipandi uzi.